Sterile haimfanyi binti kuwa tasa

Jina lenyewe ndilo linaloniharibia kazi. Kifaa kidogo kinachowekwa ndani ya kizazi kuzuia mimba, hapa Bukavu tunakiita sterile, kutoka neno la Kifaransa stérilet, na mzazi akilisikia tu anawaza utasa. Watanzania wanasema kitanzi, ambacho nacho ni kamba ya kunyongea. Basi.

Mama mmoja wa Kadutu aliniletea binti yake wa miaka 16. Hedhi yake ilikuwa ya siku tisa, kumi, pedi inalowa kabla saa mbili hazijaisha, na siku hizo shule haendi. Nilivuta kope lake la chini: peupe. Hemoglobini 7, yaani damu imepungua sana. Vidonge vya madini ya chuma alivimeza vizuri, vya homoni akawa anavisahau. Ndipo nikataja sterile yenye homoni.

"Dokta, huyu bado mtoto. Unataka nikose wajukuu?"

Nikatoa moja ya mfano kwenye droo, nikamwekea kiganjani. Ni plastiki laini yenye umbo la herufi T, urefu wa sentimita 3 hivi, na nyuzi mbili mkiani. Katikati mmejazwa homoni iitwayo levonorgestreli. Aina ya miligramu 52 hutoa mwanzoni kama mikrogramu 20 kwa siku, na kazi yake kubwa huifanya humo humo ndani ya kizazi: ute wa mlango unakuwa mzito mbegu zisipite, na utando wa ndani unabaki mwembamba, hivyo hedhi inapungua. Haifungi kitu. Siku ikitolewa, utando unaota tena, na mimba inaweza kuingia mwezi huohuo.

"Na damu inaenda wapi?" Hili naulizwa kila wiki, kwa sababu wengi wanaambiwa inapanda kichwani. Hedhi ni ule utando uliojengeka mwezi mzima, unabomoka. Usipojengeka, hakuna cha kubomoka, kwa hiyo hakuna damu inayosubiri mahali. Ila miezi mitatu hadi sita ya mwanzo kuna matone ya hovyo hovyo, na hapo ndipo wazazi wanakimbilia kuitoa. Vumilieni.

Kuiweka kunauma, sifichi. Ni dakika chache za mkazo kama wa hedhi kali. Nampa dawa ya maumivu kabla, ganzi ikibidi. Kwa vijana hutoka yenyewe mara nyingi zaidi kuliko kwa watu wazima. Kutoboa kizazi hutokea kama mara 1 katika 1,000. Haizuii UKIMWI wala kisonono, kondomu inabaki palepale. Na kwa kuwa spekulamu, kile kifaa cha kufungulia njia, hupita ukeni, kwa binti ambaye hajawahi kulala na mwanaume naanza na njia nyingine, isipokuwa yeye mwenyewe akiitaka.

"Si ni kumpa ruhusa?" Mama, mimi natibu damu. Kwamba inazuia pia mimba, kiasi kwamba kwa mwaka hushika chini ya mmoja katika wasichana 100, siombi msamaha kwa hilo.

Kisha nikamwomba mama atoke kidogo. Mama wengi hawapendi hapo, lakini sijawahi kuweka kifaa mwilini mwa mtu ambaye hajaniambia ndiyo kwa mdomo wake. Binti alikuwa na swali moja tu: akicheza basketi, kitacheza humo ndani?

Hapana. Hutakisikia.