Kwa nini fikra za binadamu zichunguzwe wodini? Maswali na majibu

Kwa nini utafiti wa utambuzi, yaani namna tunavyokumbuka, tunavyofahamu sura na tunavyofikiri, ufanyike hospitalini?

Kwa sababu hakuna daktari anayeruhusiwa kumtoboa fuvu mtu mwenye afya njema ili asikilize seli zake za ubongo. Kipimo cha MRI ya utendaji, kinachopiga picha za ubongo ukiwa kazini, hufuatilia mabadiliko ya damu, ambayo huchelewa kwa sekunde kadhaa baada ya seli kufanya kazi, na vipimo vya umeme vinavyobandikwa kichwani hunasa kelele za seli nyingi kwa pamoja. Anayetaka kuisikia seli moja anahitaji waya uliomo ndani ya ubongo wenyewe.

Ni nani basi aliye na waya kama huo?

Mara nyingi ni mgonjwa wa kifafa. Takribani theluthi moja ya wenye kifafa hawapati nafuu ya kutosha kwa dawa, na baadhi yao wanaweza kufaidika na upasuaji, iwapo chanzo cha degedege kitajulikana kilipo. Vipimo vya nje visipoonyesha chanzo hicho, madaktari huingiza ubongoni elektrodi, yaani waya nyembamba za kunasa umeme wa seli, hupunguza dawa, kisha hungoja degedege zije, pengine kwa wiki moja au mbili. Siku hizo za kungoja, mgonjwa akiwa macho kitandani na hana la kufanya, ndizo zilizofungua mlango wa utafiti.

Utafiti wenyewe hufanyikaje?

Mfano maarufu ni wa Los Angeles, ambako daktari wa upasuaji Itzhak Fried, pamoja na Rodrigo Quian Quiroga na wenzao, walichapisha matokeo yao mwaka 2005. Wagonjwa waliangalia picha kwenye kompyuta, kila moja kwa takribani sekunde moja, na kazi yao ilikuwa kubonyeza kitufe kueleza kama picha ina uso wa mtu. Seli moja katika hipokampasi, sehemu inayohusika sana na kumbukumbu, iliitikia picha mbalimbali za mwigizaji Halle Berry, na hata jina lake lilipoandikwa kwa herufi tupu. Maana yake ni kwamba seli haikuwa ikiitikia rangi wala umbo, bali wazo la mtu huyo.

Je, kila mtu tunayemjua ana seli yake moja?

Hapana, ingawa magazeti yalipenda kuieleza hivyo. Seli nyingine, iliyoitikia picha za mwigizaji Jennifer Aniston, iliitikia pia mwigizaji aliyeigiza naye katika tamthilia moja, jambo linaloashiria kuwa seli hizi huunganisha vitu vinavyohusiana.

Mgonjwa huumia?

Ubongo wenyewe hausikii maumivu. Ngozi na utando unaoufunika ndivyo vinavyouma, na elektrodi huwekwa mgonjwa akiwa amelazwa usingizi. Hatari ya kuvuja damu au kupata maambukizi ni ndogo, lakini ipo, na hiyo ndiyo sababu mahali pa kila elektrodi hupangwa na mahitaji ya tiba peke yake, mtafiti asiongeze hata moja kwa udadisi wake. Mgonjwa hutoa ridhaa kwa maandishi, na anaweza kukataa jaribio lolote bila matibabu yake kuathirika.

Na utafiti huisha lini?

Degedege za kutosha zikishanaswa, elektrodi hutolewa, hata kama watafiti bado walikuwa na picha za kuonyesha.