Je, wajua kwa nini kifo cha mwanamke mzee humpa mpelelezi kazi ngumu?

Kijana wa miaka 25 akikutwa amekufa kitandani, kila mtu huuliza kimetokea nini. Mwanamke wa miaka 80 akikutwa hivyo hivyo, swali hilo mara nyingi haliulizwi, kwa sababu jibu limekwisha kuandaliwa: umri. Jirani husema siku zake zilifika, daktari aliyezoea kumtibu huandika ugonjwa wa moyo, na mpelelezi anapoitwa, kama ataitwa, foronya imekwisha kufuliwa, vidonge vimetupwa na mwili umekwisha kuoshwa. Mpelelezi anayechunguza kifo cha namna hii hupambana kwanza na mazoea ya watu, kisha ndipo apambane na mhalifu.

Mwili wenyewe nao haumsaidii sana. Ngozi ya uzeeni ni nyembamba, na mishipa midogo iliyo chini yake hupasuka kwa kuguswa tu, hasa kwa mtu anayetumia dawa za kuzuia damu isigande, hivyo alama ya kuvilia damu mkononi inaweza kuwa ya mtu aliyemkaba au ya muuguzi aliyemsaidia kuinuka. Mbavu zilizovunjika huenda zilivunjwa na waliomkandamiza kifua wakijaribu kumrudishia uhai. Aliyezibwa pumzi kwa mto laini anaweza asiachiwe alama yoyote. Tena daktari anayepasua maiti ya mtu wa umri huo karibu siku zote atakuta moyo au mishipa yenye kasoro, na hapo ndipo wengi hukosea, maana kufa ukiwa na ugonjwa si sawa na kufa kwa ugonjwa huo.

Kwa hiyo mpelelezi makini hukihoji chumba. Je, miwani iko wapi? Mtu asiyeweza kusoma bila miwani hakuwa akisoma gazeti lililofunguliwa magotini pake ikiwa miwani hiyo imo kabatini katika chumba kingine. Huhesabu vidonge, kwa kuwa pakiti ya siku 28 ya kumeza kimoja kila siku, iliyoanzwa siku 10 zilizopita, inapaswa kubakiwa na 18. Hutazama pia mahali damu ilipotuama, kwani moyo ukisimama damu hushuka upande wa chini wa mwili na kuacha rangi ya zambarau ambayo, baada ya saa 8 hadi 12 hivi, haihami tena. Marehemu akikutwa amelala chali huku rangi hiyo iko kifuani, kuna mtu aliyemgeuza.

Sumu nayo ina siri zake, na mojawapo hunistaajabisha kila niifikiriapo. Insulini, homoni inayoshusha sukari mwilini na ambayo ikizidi huweza kuua, inapotengenezwa na kongosho huingia kwenye damu pamoja na kipande cha protini kiitwacho C-peptidi, lakini insulini ya kiwandani, ile ya sindano, haina kipande hicho. Ikipatikana insulini nyingi na C-peptidi kidogo kwa mtu ambaye hakuwa na kisukari wala hakuandikiwa sindano hizo, kuna mkono wa mtu hapo.

Kisa kinachoonyesha vizuri zaidi gharama ya kutouliza ni kile cha Harold Shipman, daktari wa mji wa Hyde nchini Uingereza. Machi 1998 daktari mwenzake alitoa taarifa kwamba wanawake wazee wengi mno walikuwa wakifa mikononi mwake, wengi wao wakikutwa wamekaa kwenye viti, wamevaa nguo zao za mchana, kama waliosinzia. Polisi walichunguza, wakafunga jalada mwezi uliofuata bila hata kubaini kwamba mwaka 1976 alitiwa hatiani kwa kughushi maagizo ya dawa. Baada ya hapo aliua wagonjwa wengine 3. Wa mwisho alikuwa mama wa miaka 81, aliyewahi kuwa meya wa mji huo, ambaye afya yake ilikuwa njema. Kwenye cheti chake cha kifo Shipman aliandika kwamba sababu ni uzee.

Aliyelikataa neno hilo ni binti wa marehemu, mwanasheria, baada ya kuoneshwa wosia uliochapwa vibaya na kumrithisha daktari mali yote. Polisi walifukua kaburi Agosti 1998, na mofini, dawa kali ya kutuliza maumivu, ikapatikana mwilini. Wosia ulikuwa na alama ya kidole cha Shipman, nayo kompyuta ya kliniki ikaonyesha kwamba maelezo ya wagonjwa kadhaa yaliongezwa baada ya wao kufa. Januari 2000 alitiwa hatiani kwa mauaji ya watu 15. Mwaka 2002 tume ya uchunguzi ilithibitisha waathirika 215, wanawake 171 na wanaume 44, wengi wao wakiwa wazee ambao wengi walizikwa au kuchomwa bila mtu yeyote kuwafanyia uchunguzi wa maiti.

Tangu Septemba 2024, Uingereza na Wales zimeweka sheria kwamba kila kifo ambacho hakikupelekwa kwa afisa wa uchunguzi wa vifo lazima kipitiwe na daktari mwingine ambaye hakumtibu marehemu, na familia iulizwe kama ina wasiwasi wowote.