Unga wa makombe ndani ya mpira: unaoza au hauozi?

Mpira uliochanganywa na unga wa makombe ya chaza huuzwa wakati mwingine kwa maelezo kwamba makombe ndiyo yanayouozesha. Sivyo. Kinachooza ni mpira wenyewe, na kombe lina kazi nyingine.

Kombe la chaza ni takriban asilimia 95 kaboneti ya kalsiamu, kitu kilekile kilichomo kwenye mawe ya chokaa ambayo viwanda vya mpira huyasaga kuwa kijazio, yaani unga wa kuongeza ujazo na ugumu na kupunguza gharama. Kwa hiyo taka hizi zinaweza kuchukua nafasi ya jiwe la kuchimbwa. Ila zisagwe tu, zisichomwe. Kaboneti ikifikishwa kwenye nyuzi 800 hivi na zaidi hugeuka chokaa isiyozimwa, na asilimia 44 ya uzito wake huenda hewani kama kaboni dayoksaidi. Hapo umeharibu ulichotaka kuokoa.

Jasho liko kwenye kusafisha na kusaga. Chumvi ikibaki, mpira hufyonza maji. Punje zikiwa kubwa, kila moja inaweza kuwa mwanzo wa ufa. Tena kaboneti hupatana na maji kuliko inavyopatana na mpira, hivyo punje hupakwa asidi ya steariki ili zishikane nao vizuri. Wapo pia wanaofikiria maganda ya kamba, wale wa baharini wanaoliwa: yana kitini, dutu inayoyapa ugumu, ambacho vijidudu hukila, lakini pia yana protini zinazoleta mzio. Binafsi nisingeyatia kwenye glavu.

Turudi kwenye kuoza. Mpira asilia ni minyororo mirefu ambayo bakteria kama Streptomyces na Gordonia huweza kuikata, polepole. Charles Goodyear aligundua mwaka 1839 kwamba mpira ukipikwa na salfa huimarika, kwa sababu salfa hufunga mnyororo kwa mnyororo. Kadiri vifungo vinavyozidi, ndivyo bakteria wanavyopata taabu. Kemikali za kuzuia mpira usichakae nazo huwachelewesha.

Basi anayetaka mpira unaooza apunguze salfa na kemikali hizo, akijua bidhaa yake haitadumu. Kwa kamba za kufungia miche inafaa. Kwa tairi, hapana. Mpira ukishaliwa, unga wa kombe hubaki udongoni, na udongo ukiwa na asidi, unga huo huyeyuka taratibu huku ukiipunguza asidi hiyo.