Jasho halisafishi damu

Utamsikia mtu aliyetoka kukimbia, fulana imelowa chapachapa, akisema: "Leo nimetoa sumu zote." Imani hii ni ya siku nyingi, na kwa jinsi jasho linavyonuka, mtu huamini kirahisi. Lakini kazi ya jasho ni nyingine: kupoza mwili.

Sehemu ndogo ya ubongo iitwayo haipothalamasi hupima joto la damu. Likipanda kupita kiwango cha kawaida, karibu nyuzi joto 37 za Selsiasi, tezi za jasho huamriwa kuanza kazi. Maji yanapokauka juu ya ngozi huondoka na joto. Jasho linalodondoka sakafuni halikupozi hata kidogo. Onja tone moja: ni maji na chumvi, na urea kiduchu, yaani taka ya mwili ambayo kwa kawaida hutoka na mkojo. Hata ile harufu hutokana zaidi na bakteria wa kwenye ngozi.

Usafi wenyewe hufanywa kimyakimya na ini na figo. Ini hugeuza amonia, ambayo ni sumu kweli, kuwa urea. Figo huchuja takriban lita 180 za majimaji kutoka kwenye damu kwa siku, kisha hurudisha karibu yote. Mkojo unaotoka ni kama lita 1.5 tu. Maji yakipungua mwilini, mkojo huwa mchache, rangi imekolea. Anayejifunika mablanketi ili "asafishike" anapoteza maji yaleyale ambayo figo zinayahitaji.