Jina Lako kwenye Kisanduku cha Barua: Kuhamia Ujerumani Kumfuata Mwenzi

Nilipohamia Hamburg kutoka Tanga kumfuata mume wangu, wiki sita zilipita bila barua hata moja yenye jina langu kufika nyumbani, na sote wawili tukajiambia kwamba kumbe na Wajerumani nao wana ofisi za njoo kesho. Barua zilikuwa zinakuja na kurudi zilikotoka. Sisi tuliozoea S.L.P., yaani sanduku lenye namba pale posta na ufunguo mmoja unaozunguka ukoo mzima, hatukujua kwamba katika majengo mengi ya ghorofa ya Ujerumani nyumba hazina namba, na kwamba mtu wa posta hutazama jina la ukoo lililoandikwa kwenye kengele na kwenye kisanduku cha barua, basi. Kisanduku chetu kilikuwa na jina la mume wangu peke yake. Mimi, kama wanawake wengi wa pwani, nilibaki na jina la baba yangu baada ya kuolewa, kwa hiyo kwa mtu wa posta sikuwa naishi pale. Miongoni mwa barua zilizorudi ilikuwamo ile iliyoniita nikatoe alama za vidole kwa ajili ya kibali cha ukaazi.

Sasa ni miaka mingi nafanya kazi ya kuwashauri wahamiaji, na mgeni aliyekuja kumfuata mwenzi wake akikaa mbele yangu, kabla sijamwomba pasipoti humuuliza kama jina lake liko kwenye kisanduku cha barua. Wengi hucheka, na baadhi yao hurudi siku ya pili na bahasha mkononi. Swali hilo dogo linabeba karibu kila kitu ninachotaka kueleza hapa. Sheria ya Ujerumani inakupokea ukiwa mke wa fulani au mume wa fulani, na kibali chako kinasimama juu ya ndoa hiyo. Kazi ya mwaka wa kwanza ni kuhakikisha kwamba polepole unakuwa na vitu vinavyosimama kwa jina lako mwenyewe. Wapo wanaume wanaoniambia kwamba nawafundisha wake zao kujiandaa kuachika. Huwa nawajibu kwamba mke asiyeweza kufungua barua ya bima bila kumsubiri mumewe arudi kazini ni mzigo kwa mume huyohuyo, na kwamba nawaambia maneno hayohayo waume waliokuja huku kuwafuata wake zao, nao si wachache.

Hatua ya kwanza ni kusajili anwani, na sheria inatoa wiki mbili tangu siku ya kuhamia. Pasipoti peke yake haitoshi. Lazima mwenye nyumba asaini fomu ya kuthibitisha kwamba unaishi pale, sharti lililoanza kutumika Novemba 2015, na hapa ndipo wengi wanapokwama kwa sababu mwenzi alipanga chumba kimoja alipokuwa peke yake na hajamwambia mwenye nyumba kwamba mtu wa pili anakuja. Mwambieni mapema, kabla ya tiketi ya ndege. Usajili ukishapita, mashine nzima inaanza kuzunguka: namba yako ya kodi yenye tarakimu 11, utakayoitumia maisha yako yote, inakuja kwa barua, na ofisi nyingine zinapata habari kwamba upo.

Mojawapo ya ofisi hizo ni ya ada ya redio na televisheni. Karibu kila mwezi ananijia mtu aliyetishika kwa barua ya kutakiwa alipe, ilhali nyumbani kwao hakuna televisheni. Ada hiyo, euro 18.36 kwa mwezi, inatozwa kila nyumba hata kama haina redio wala runinga, lakini inatozwa nyumba, si mtu. Kama mwenzi wako tayari analipa, jibu la barua ni kuandika namba yake ya malipo na kuirudisha. Usiitupe, na usiilipe mara ya pili kwa woga.

Bima ya afya mara nyingi ni habari njema. Mwenzi aliye katika bima ya umma anaweza kumwandikisha mwenzake asiye na kipato, au mwenye kipato kidogo kilicho chini ya kiwango kilichowekwa, bila kuongezewa makato hata senti. Fomu anaijaza yeye, kadi inakuja kwa jina lako na picha yako. Akaunti ya benki nayo ni haki yako: tangu mwaka 2016 sheria inazitaka benki zinazohudumia wananchi zimfungulie akaunti ya msingi kila mtu anayeishi kihalali katika Umoja wa Ulaya, kwa hiyo kauli ya kwamba mshahara wako lazima upite kwenye akaunti ya mume kwa kuwa wewe ni mgeni haina msingi wowote.

Jambo linalowagharimu watu fedha nyingi bila wao kulijua ni daraja la kodi, yaani kundi linaloamua ukatwe kodi kiasi gani kwenye mshahara wa kila mwezi. Wanandoa wakisajiliwa, ofisi ya kodi huwaweka wote wawili katika daraja la 4. Kisha mwenzi anashauriwa na mtu kazini kwamba yeye aingie la 3 na wewe la 5, kwa sababu mwisho wa mwezi nyumba itapata zaidi. Ni kweli, kama yeye anapata mshahara mkubwa kukuzidi sana. Lakini kodi ya mwaka mzima inabaki ileile, kinachobadilika ni makato ya kila mwezi, na makato yako wewe yanakuwa makubwa kupita kiasi. Hapo ndipo shida inapojificha. Posho ya kukosa kazi huku huhesabiwa kwa mshahara uliobaki baada ya makato, asilimia 60 yake au 67 kwa mwenye mtoto, na posho ya mzazi anayebaki nyumbani kulea mtoto mchanga nayo hufuata njia hiyohiyo, kwa kawaida asilimia 65. Nimekaa na dada mmoja, mfanyakazi wa jikoni hotelini, mwenye ujauzito wa miezi minane, tukiwa na karatasi zake za mshahara mezani na kikokotoo cha simu, tukahesabu alichopoteza kwa miezi kumi na miwili ijayo kwa sababu ya saini aliyoiweka bila kuisoma. Alinyamaza kitambo, kisha akasema, “Dada, mimi nilijua ni fomu ya ndoa.” Daraja linaweza kubadilishwa wakati wowote katika mwaka, ila kwa posho za uzazi kunahitajika miezi mingi kabla ya mtoto, kwa hiyo mazungumzo haya yafanyike mwanzoni kabisa, watu wakiwa wanapendana na hakuna dharura.

Sasa lugha. Wengi wetu tumeingia kwa mtihani wa A1, ngazi ya chini kabisa ya Kijerumani, ule unaofanyika katika Goethe-Institut ya Dar es Salaam au ya Nairobi, wenye alama 100 na ufaulu wa alama 60. Sharti hilo liliwekwa mwaka 2007 na limewatoa watu jasho. Nawajua waliorudia mara tatu huku wenzi wao wakihesabu miezi. Matokeo yake ni kwamba mtu akishafika anaona amemaliza. A1 inakuwezesha kununua mkate na kusema unatoka wapi. Haikuwezeshi kuelewa barua, wala daktari, wala mwalimu wa mtoto wako. Kwa ajili hiyo iko kozi ya ujumuishaji yenye vipindi 600 vya lugha na vipindi 100 vya kuifahamu nchi, inayokupeleka hadi B1, ngazi ya kati, na kumalizika kwa mtihani wa maswali 33 kuhusu sheria, historia na maisha ya Ujerumani. Kufaulu ni maswali 15. Ukipata 17 cheti hichohicho kitakufaa siku ukiomba uraia, kwa hiyo lenga 17.

Aliyepewa kibali kwa sababu ya ndoa kwa kawaida ana haki ya kuingia kozi hii, lakini haki hiyo hufa yenyewe baada ya mwaka mmoja tangu kibali kitolewe. Nimeona haki nyingi zikifa hivi, na sababu ninazosikia hazibadiliki: tusubiri baridi ipite, tusubiri mtoto akue kidogo, mume wangu atanifundisha mwenyewe. Sijapata kukutana na mume aliyemfundisha mkewe Kijerumani hadi B1. Warudipo jioni wamechoka, na kwa haki kabisa wanataka kuzungumza Kiswahili.

Nieleze na jambo moja la saa, maana limewakosesha wengi miadi. Mjerumani akikwambia “halb neun”, neno kwa neno ni nusu ya tisa, na aliyezoea Kiingereza moja kwa moja anasikia saa tatu na nusu asubuhi. Mjerumani anamaanisha nusu ya kuelekea tisa yao, yaani saa mbili na nusu. Sisi ambao tayari tunahesabu kutoka macheo na kugeuza saa kichwani tunajikuta tunageuza mara mbili. Nilifika kwa daktari wa meno nimechelewa saa nzima, nikiwa najisifu kwamba nimewahi. Ombeni miadi iandikwe kwenye karatasi.

Kuhusu kazi, kibali cha mwenzi kinaruhusu kufanya kazi yoyote tangu siku ya kwanza, na maneno hayo yamechapishwa kwenye kibali chenyewe. Ugumu uko kwenye vyeti. Muuguzi aliyesomea Tanzania au Kenya haruhusiwi kujiita muuguzi hapa mpaka elimu yake itambuliwe, na hilo humtaka Kijerumani cha juu zaidi ya B1 na mara nyingi mafunzo ya nyongeza au mtihani. Ndiyo maana nawaambia walio bado nyumbani: pamoja na cheti cha kuzaliwa na cha ndoa kutoka RITA, ofisi ya usajili ya Tanzania, bebeni orodha ya masomo na saa za mazoezi kutoka chuoni, maana kuifuatilia ukiwa Hamburg ni kumsumbua shangazi kwa mwaka mzima. Leseni ya udereva ya kwetu inatumika miezi sita tu tangu uanze kuishi huku. Baada ya hapo kuna mtihani wa nadharia, unaoweza kuufanya kwa Kiingereza, na wa barabarani. Idadi ya saa za lazima za shule ya udereva umesamehewa, ingawa aliyezoea kuendesha kushoto afadhali achukue masomo machache asije akaingia mzunguko kinyumenyume.

Nafika kwenye jambo ambalo watu huliuliza mlango ukiwa umefungwa. Kibali chako kinategemea kuishi pamoja kama wanandoa. Mkitengana, hata kabla ya talaka, msingi wake unaondoka, isipokuwa kama mmeishi pamoja hapa kihalali kwa angalau miaka 3. Hapo unapata haki ya ukaazi inayojitegemea. Haki hiyo inampata pia mfiwa, hata kabla ya miaka hiyo. Na iko kinga nyingine ambayo ningependa kila mtu aijue kabla hajaihitaji: miaka 3 haihesabiwi pale ambapo kumlazimisha mtu abaki kwenye ndoa ni mateso, na sheria inataja waziwazi ukatili wa nyumbani. Kwa hiyo ile kauli ya “nitakurudisha kwenu”, ambayo nimeisikia ikinukuliwa kwa Kiswahili cha Mombasa, cha Bukavu na cha Unguja, ni tishio lisilo na nguvu kama linavyojidai. Mwenzi hana mamlaka ya kumrudisha mtu. Anayeamua ni ofisi, na ofisi inataka ushahidi: karatasi ya daktari, taarifa ya polisi, barua ya nyumba ya hifadhi. Namba 116 016 inapokea simu za wanawake wanaofanyiwa ukatili mchana na usiku bila malipo, pamoja na wakalimani wa lugha kadhaa. Pasipoti yako ikae mahali unapopajua wewe.

Desemba ya kwanza itakupiga. Hamburg jua linachomoza saa mbili na nusu asubuhi na saa kumi jioni limeshazama, na mtu wa Tanga anaweza kudhani anaumwa kumbe hajaona mwanga. Toka nje mchana hata kama huna pa kwenda.

Wanaofanikiwa kufika mwaka wa tatu huanza kuulizia uraia. Ujerumani yenyewe tangu Juni 2024 haimtaki mtu aukane uraia wake wa zamani. Mkenya kwa hiyo anaweza kubeba pasipoti mbili, kwa kuwa katiba yao ya 2010 inaruhusu. Mtanzania mtu mzima akichukua ya Ujerumani anaupoteza wa kwao, na kwa hilo sina ushauri. Mimi mwenyewe bado natembea na kibali.

Ila anayebaki na kibali chenye muda asisahau kwamba kikikaa nje ya Ujerumani zaidi ya miezi sita pamoja na mwenyewe, kinakufa, hata kama tarehe iliyochapishwa haijafika. Wanaopatwa na hili aghalabu ni watu wema: mama ameugua Muheza au Kisumu, mtoto wa kike amekwenda kumuuguza, mwezi wa nne umekuwa wa saba. Inawezekana kuomba muda mrefu zaidi, lakini ombi lipelekwe kabla miezi sita haijaisha, na ni rahisi zaidi kulipeleka kabla ya kuondoka. Andika barua, ambatanisha karatasi ya hospitali, subiri jibu kwa maandishi, kisha ndipo ukate tiketi. Na uhakikishe kuna mtu atakayefungua kisanduku cha barua wakati haupo.