Filamu ya Kutisha Huanza na Paukwa

Kijana anayeniwekea filamu kwenye flashi pale Kondele hupanga mali yake kwa kuangalia vitu. Kuna bunduki, hiyo ni ya vita. Kuna busu, ya mapenzi. Juzi nilikuta Alien (1979) iko pamoja na za roketi, nikamuuliza mbona haiko na za kutisha. "Mwalimu, si wako angani?" Sikubishana naye. Wanafunzi wangu wa filamu hapa Kisumu huanza insha zao vivyo hivyo: damu ipo, giza lipo, mlango unalia kwiii, basi filamu ni ya kutisha.

Rick Altman, mhakiki wa filamu wa Marekani, aliandika mwaka 1984 kwamba utanzu, yaani aina ya filamu, una pande mbili: vitu vyenyewe, na namna vinavyofungamanishwa. Vitu vya Alien ni vya anga za juu. Mfungamano wake ni wa nyumba iliyoingiliwa na zimwi: watu saba, pa kukimbilia hapana, wanapungua mmoja baada ya mwingine.

Aliyesoma fasihi simulizi hapa kwetu hashangai. Msimulizi akisema "Paukwa!" nawe ukaitika "Pakawa!", umeshakubali kwamba zimwi linaweza kusema, na umeshaahidiwa mwisho. Nyanya alipotusimulia, zimwi likikaribia kukata roho lilimwambia shujaa alikate kidole cha mwisho, na humo wakatoka wote waliomezwa, wazima, na ng'ombe wao. (Nyanya hakuwasahau ng'ombe hata siku moja.) Ndiyo maana nikitazama filamu ya kutisha siulizi kwanza kama inatisha. Nauliza imeahidi nini, na ahadi hiyo inavunjwa wapi.

Chukua Night of the Living Dead ya George Romero, ya mwaka 1968. Watu wamejifungia katika nyumba ya shambani, nje wafu wanatembea wakitafuta nyama ya binadamu. Anayetumia akili ni Ben, aliyeigizwa na Duane Jones, mwigizaji mweusi. Ndiye anayepigilia mbao madirishani huku wenzake wakigombana. Usiku kucha tunangoja alfajiri, maana utanzu wenyewe umetufundisha kuwa zimwi ni la usiku. Kunapambazuka. Ben amebaki peke yake, yu hai. Anachungulia dirishani, kundi la wanaume wenye bunduki, waliokuja kuwamaliza wafu, linamwona kwa mbali na kumpiga risasi ya kichwa. Kisha picha zisizosonga: mwili wake unabebwa na kutupwa motoni pamoja na miili ya wafu.

Nilipoionyesha darasani, chumba kilinyamaza. Halafu binti mmoja wa nyuma akauliza, "Mwalimu, sasa kidole kitakatwa na nani?"

Sijawahi kusoma uhakiki mfupi kuliko huo. Asiyejua ahadi ya utanzu ataona kifo cha kusikitisha tu. Anayeijua anaona zimwi limehama: lilikuwa nje ya nyumba, sasa limevaa kofia na kushika bunduki ya uokoaji, katika Marekani ya mwaka uleule aliouawa Martin Luther King, mtetezi wa haki za weusi.

Majina ya tanzu yana biashara pia. Get Out (2017), filamu ya kutisha, ilishindania tuzo za Golden Globe katika kundi la vichekesho na muziki, na walioitazama wakiwa wameshika roho mkononi walibaki wakijiuliza kichekesho kiko wapi.

Huku Nyanza na Magharibi tuna jajuok, mkimbiaji wa usiku, na sioni kama ameandikiwa filamu inayomfaa. Anarusha mawe kwenye mabati yako, anasugua mlango wako kwa mgongo, asubuhi mnasalimiana kisimani. Haui. Zimwi likujualo halikuli likakwisha, na huyu anakujua mpaka jina la mbwa wako. Hofu yake haiko kwenye damu. Iko kwenye swali la ni nani kati ya majirani, na kwenye aibu ya siku atakayokamatwa, ambapo kijiji kizima kitacheka huku kikitetemeka. Mfungamano huo hauazimwi kutoka kwa filamu za wauaji wenye vinyago.

Mwanafunzi wangu mmoja anaandika mswada juu yake muhula huu. Nimemrudishia mara mbili. Mara zote mbili jajuok ana shoka.