Usimfiche daktari wa usingizi

Jioni ya kuamkia siku ya upasuaji huwa napita wodini na mafaili, nakaa pembeni ya kitanda cha mgonjwa wa kesho. Wengi hunidhania muuguzi wa zamu. Daktari wa upasuaji wanamfahamu, wameshaonana naye kliniki mara mbili tatu; mimi ni mgeni kwao. Nikishasema kwamba mimi ndiye nitakayewalaza kwa dawa ya usingizi, swali la kwanza huwa lile lile, aulize bibi wa miaka 80 au kijana wa bodaboda aliyevunjika paja: "Dokta, nitaamka?"

Swali hilo ni la haki kabisa, na jibu lake kwa sehemu kubwa linategemea mazungumzo yetu ya jioni hiyo.

Nimeifanya kazi hii kwa miaka 22. Nilisoma udaktari miaka 5, nikafanya utarajali mwaka 1, nikapelekwa wilayani. Kule ndiko nilikoona mama mwenye uchungu uliokwama akipakiwa kwenye gari usiku kwenda mkoani, si kwa sababu hakukuwa na mtu wa kumpasua, bali hakukuwa na wa kumlaza. Nikarudi Muhimbili kwa miaka 3 ya ubingwa wa ganzi na usingizi. Shirikisho la dunia la madaktari wa fani yetu linataka nchi iwe na angalau bingwa 5 kwa kila watu 100,000. Sisi Tanzania hatufikishi hata mmoja. Sehemu kubwa ya kazi inabebwa na wauguzi na maafisa tabibu waliosomea usingizi, na nawaheshimu sana, maana wengi wako peke yao na hawana wa kumpigia kelele saa 8 usiku.

Usingizi huu wa upasuaji tuuite nusukaputi, kama watu wanavyouita. Tunasema "kulala", lakini usingizi wa nyumbani ni kitu kingine. Ukiwa umelala kitandani kwako, mate yakiingia njia mbaya utakohoa, mtu akikufinya utaamka. Mwili unajilinda. Dawa ninayokupa kwenye mshipa inauondoa ulinzi huo chini ya dakika moja. Ulimi unalegea na kurudi nyuma, pumzi inapungua au kukatika, na kuanzia hapo koo lako, mapafu yako na presha yako vinakuwa mikononi mwangu. Mara nyingi napitisha mpira kwenye njia ya hewa na mashine inakusaidia kupumua.

Wako wanaodhani nikishachoma sindano naenda kunywa chai. Siondoki. Nakaa kichwani pako mpaka kushonwa kwa mwisho, napima presha kila baada ya dakika 5 au chini ya hapo, naongeza dawa, napunguza, nahesabu damu inayotoka. Kubwa zaidi, nasikiliza. Kidoleni utakuwa umebanwa kibano kidogo chenye mwanga mwekundu kinachopima oksijeni kwenye damu, na mashine yake inalia kila moyo unapopiga. Oksijeni ikiwa asilimia 98, mlio ni mwembamba, wa juu. Ikianza kushuka, mlio unakuwa mzito, unashuka ngazi kwa ngazi kama sauti ya mtu anayechoka. Naweza kuwa nimegeuka nachukua dawa kabatini, sikio likaniambia kabla ya jicho. Mhandisi wa Kijapani, Takuo Aoyagi, ndiye aliyebuni njia hiyo ya kupima mwanzoni mwa miaka ya 1970. Kabla yake walimu wa walimu wetu waliangalia rangi ya midomo na ya damu, na mpaka midomo ya mtu mweusi ikuonyeshe kitu, umeshachelewa.

Kibano hicho kina udhaifu wake. Kwenye ngozi nyeusi huweza kusoma juu kidogo kuliko ukweli, ndiyo maana sikiamini peke yake, naangalia na kifua kinavyopanda. Na huku kwetu pwani akina mama wengi huja na piko au hina kucha zote kumi, au rangi ya kucha. Mwanga haupiti vizuri. Huwa natafuta sehemu ya sikio, lakini mama ukijua una upasuaji wa kupangwa, acha walau vidole viwili bila kitu.

Sasa habari ya kula. Miaka mingi iliyopita, kwenye hospitali niliyokuwa nikifanya kazi wakati huo, aliletwa mtoto wa miaka 4 kwa upasuaji wa ngiri. Alikuwa na bibi yake. Nikamwamkia, nikamuuliza: "Bibi, mtoto amekula chochote?" Akajibu, "Hapana mwanangu, tangu jana." Tukamlaza. Dawa ilipomkolea tu, uji ukapanda kooni. Tulimgeuza ubavu, tukafyonza haraka, tukapitisha mpira, lakini kiasi kidogo kilikuwa kimeshaingia mapafuni. Upasuaji uliahirishwa na mtoto akakaa kwenye oksijeni siku mbili. Alipona, namshukuru Mungu. Bibi alinieleza baadaye huku akilia kwamba mtoto aliamka alfajiri analia njaa, akamwonea huruma, akampa kikombe kimoja. Hakujua kwa nini amekatazwa. Hakuna aliyemweleza, nikiwemo mimi.

Tangu siku ile siulizi "amekula?" Nauliza, "Mara ya mwisho ameweka nini mdomoni, na ilikuwa saa ngapi?" Na naeleza sababu: tumbo likiwa na kitu, na koo halina mlinzi, kinachopanda kinashuka mapafuni pamoja na asidi ya tumbo. Daktari Curtis Mendelson wa New York aliliandika jambo hili mwaka 1946, baada ya kukusanya habari za akina mama 66 wa kujifungua waliopaliwa hivyo wakiwa chini ya nusukaputi, na hadi leo tunaliita kwa jina lake.

Hesabu ya saa za kukaa bila kitu kabla ya upasuaji ni hii. Chakula chepesi, uji, chai ya maziwa, maziwa ya ng'ombe au ya kopo: saa 6 kabla. Pilau, nyama, chipsi na vyote vya mafuta: saa 8. Maziwa ya mama: saa 4. Maji matupu au chai ya rangi: saa 2. Ukipangiwa saa 3 asubuhi, basi uji wa mwisho uwe umenyweka kabla ya saa 9 usiku, na maji unaweza kunywa mpaka saa 1 asubuhi. Tena nasisitiza hayo maji. Wapo wanaoshinda na kiu tangu saa 12 jioni wakidhani ndiyo tahadhari zaidi, na mtoto mdogo anafika mezani amekauka, mshipa hauonekani. Hospitali yako ikikupa saa tofauti kwa sababu ya hali yako, fuata hizo. Na mtu akikosea akala, aseme. Tutakachofanya ni kusogeza ratiba, hakuna wa kumgombeza.

Kinachonisumbua zaidi ya uji ni yale yanayofichwa kwa aibu. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua, na thieta ndipo ninapoyaona maneno hayo kwa macho. Ndiyo sababu jioni ile huwaomba ndugu watusubiri nje kidogo. Kijana hatasema mbele ya baba yake kwamba anavuta bangi, wala mzee hatasema mbele ya mkwewe kwamba hapitishi siku bila pombe. Lakini mnywaji wa kila siku anahitaji mpango tofauti wa dawa, na akikatishwa pombe ghafla anaweza kuanza kutetemeka na kuchanganyikiwa siku ya pili baada ya upasuaji. Niambie pia dawa za presha na kisukari, dawa za kienyeji hata kama hujui jina la mti wake, pumu, kukoroma sana usiku, mimba hata ya wiki chache, jino linalocheza. Jino likidondoka wakati napitisha mpira linaweza kuishia kwenye pafu. Na niambie kama kuna ndugu wa damu aliyewahi kupata matatizo au kufariki kwa nusukaputi. Yapo maradhi ya kurithi ambapo baadhi ya dawa zetu huupandisha mwili joto la kutisha, na nikijua mapema natumia nyingine.

Wengine wanaogopa kwamba wakilazwa watatoa siri zao. Ukiwa usingizini hasa huongei. Wakati wa kuzinduka, hasa kwa aliyepewa dawa ya usingizi iitwayo ketamini, mtu anaweza kutamka maneno, kuimba au kulia. Mengi hayana kichwa wala miguu, na yakiwa na maana, hayatoki kwenye chumba kile.

Sindano ya mgongo, inayotia ganzi sehemu ya chini ya mwili bila kukulaza, nayo imesingiziwa mengi. Mama anayekwenda kwa upasuaji wa uzazi huniambia shoga yake alichomwa na mgongo haujapona hadi leo. Namwonyesha kwa kidole mgongoni pake: uti wa mgongo wa mtu mzima unaishia hapa, karibu na mbavu za mwisho, mimi nachoma chini yake, palipobaki nyuzi zinazoelea kwenye maji. Maumivu ya mgongo baada ya uzazi huwapata hata waliojifungua kawaida bila sindano yoyote. Njia hii ilianza Ujerumani mwaka 1898 kwa August Bier, na kwa mama mjamzito mara nyingi ndiyo ninayoichagua, kwa kuwa koo lake linabaki na mlinzi na anamsikia mwanawe akilia. Atahisi kuvutwa-vutwa, hatasikia uchungu wa kisu. Akiona kichefuchefu au kizunguzungu, presha imeshuka, aniambie pale pale.

Siku yenyewe utaulizwa jina lako, unafanyiwa nini na upande gani, mara tatu na watu tofauti. Hatujasahau. Kati ya 2007 na 2008 utaratibu huo wa Shirika la Afya Duniani ulijaribiwa kwenye hospitali 8, katika miji kama London, Seattle, Manila, na mmoja wetu: Ifakara, Morogoro. Vifo vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8. Kwa hiyo ukiulizwa mara ya nne, jibu tu, mama.

Ukirudi nyumbani, saa 24 za kwanza usiendeshe chombo, usikae peke yako jikoni na moto, usisaini hati ya shamba. Aliyechomwa mgongoni akipata kichwa kinachogonga anapoinuka na kutulia anapolala, arudi hospitali badala ya kununua dawa dukani, maana hilo tunalijua na linatibika. Na kama daktari wa usingizi alikupa karatasi inayosema njia yako ya hewa ilikuwa ngumu kupitisha mpira, itunze pamoja na kadi ya bima, na jioni ya upasuaji mwingine, hata ikiwa ni miaka 10 baadaye, umpe atakayekuja kukaa pembeni ya kitanda chako.